Kupakua, Kuandika na Kuamsha: Istilahi za Kusakinisha Mfumo Endeshi katika Kompyuta Pachikwa kupitia Mtandao

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna mfumo endeshi unavyofikishwa katika kompyuta pachikwa kupitia mtandao, na yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohitajika ili utaratibu huo uelezeke bila utata. Hoja kuu ni kwamba kitenzi pakia, kama kinavyotumika sasa, hubebeshwa matendo matatu ambayo fundi hulazimika kuyatenganisha: kuleta nakala kutoka kwenye seva, kuiandika katika hifadhi ya kudumu, na kuianzisha. Utata huo una gharama, kwa kuwa kifaa kinachokatiwa umeme katikati ya uandishi kinaweza kufa kabisa. Makala yanapendekeza mgawanyo wa vitenzi, yanajadili istilahi za nakala-mfumo, kiamshi na saini, na yanaonesha mchango wa upatanisho wa kisarufi katika kupunguza utata wa maelekezo.

1.0 Utangulizi

Kompyuta nyingi zinazomzunguka mtu wa leo hazina kibodi wala kioo. Mita ya umeme ya LUKU, mashine ya kielektroniki ya kutolea stakabadhi dukani, kisimbuzi cha televisheni, ruta inayogawa intaneti ofisini na kamera ya ulinzi juu ya lango ni vifaa vyenye kichakataji, kumbukumbu na programu, ijapokuwa mtumiaji haviiti kompyuta. Katika makala haya vifaa vya namna hiyo vinaitwa kompyuta pachikwa, kwa maana kwamba kompyuta imepachikwa ndani ya chombo chenye kazi nyingine.

Juhudi za kukipa Kiswahili msamiati wa kompyuta si ngeni. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye kiolesura cha Kiswahili. Baadaye kampuni ya Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows. Kutokana na juhudi hizo na nyinginezo, maneno kama vile faili, kivinjari, nywila, sakinisha na sasisha yamezoeleka kwa viwango mbalimbali. Hata hivyo, msamiati huo ulimlenga mtu aliyekaa mbele ya kioo. Fundi anayekiandaa kifaa kabla hakijamfikia mtumiaji alibaki na maneno ya mtaani, hasa kitenzi cha mkopo kuflashi, au na kitenzi kimoja cha jumla, pakia.

Makala haya yanafuata mwendo wa utaratibu wenyewe, hatua kwa hatua, na katika kila hatua yanauliza ni tendo gani linalotendeka na ni neno gani linaloweza kulibeba. Upimaji wa maneno unategemea vigezo vinavyofahamika katika taaluma ya istilahi, hususani usahihi, uangavu, uzalishaji, uthabiti na kukubalika kwa watumiaji.

2.0 Kifaa na Masafa

Njia ya kale ya kuweka mfumo endeshi katika kifaa ni kukifungua, kukiunganisha kwa waya na kompyuta ya fundi, na kuandika data moja kwa moja katika hifadhi yake. Njia hiyo inafaa kwa kifaa kimoja kilichopo mezani. Haifai kwa vifaa mia mbili vilivyofungwa juu ya nguzo, ndani ya kuta na katika vituo vilivyo mbali na barabara. Kila hitilafu ya kiusalama inayogunduliwa katika programu hudai kwamba vifaa vyote vifikiwe upya. Ikiwa kufikiwa huko ni kwa miguu, vifaa vingi havitafikiwa kamwe.

Suluhisho ni kukifanya kifaa chenyewe kichukue mfumo wake kutoka kwenye seva kupitia mtandao. Misingi yake iliwekwa zamani. Itifaki ya BOOTP, inayokiwezesha kifaa kisicho na diski kupata anwani na jina la faili la kuanzia, ilitolewa mwaka 1985. Itifaki ya TFTP, ambayo ni njia nyepesi ya kuhamisha faili, ilipata toleo lake linalotumika hadi leo mwaka 1992. Itifaki ya DHCP, iliyopanua BOOTP, ilisanifiwa katika hati ya mwaka 1997. Kwa upande wa kompyuta za kawaida, kampuni ya Intel ilitoa mwaka 1999 toleo la 2.1 la vipimo vya PXE, vinavyoeleza jinsi kompyuta inavyoweza kuanza kazi kwa kutegemea mtandao. Katika kompyuta pachikwa kazi hiyo mara nyingi hufanywa na programu ndogo kama U-Boot, iliyoasisiwa na Wolfgang Denk.

3.0 Mwendo wa Utaratibu na Msamiati Wake

3.1 Kuwaka na kuamka

Kifaa kinapounganishwa na umeme, taa yake huwaka. Kwa Kiswahili cha kila siku husemwa kwamba kifaa kimewaka, na aliyekiunganisha amekiwasha. Kitenzi hicho kinaeleza kuingia kwa umeme, sawa na kuwaka kwa taa au moto. Hakielezi kwamba mfumo endeshi umeanza kazi. Kifaa kinaweza kuwaka na kubaki vivyo hivyo siku nzima bila kufanya lolote, kwa sababu hifadhi yake ni tupu.

Kati ya kuwaka na kufanya kazi kuna mnyororo wa matukio. Kwanza hutekelezwa maelekezo machache yaliyowekwa na mtengenezaji ndani ya kichakataji, ambayo kwa kawaida hayabadilishwi. Maelekezo hayo hutafuta programu ndogo ya pili, na programu hiyo huandaa kumbukumbu, huwasha kiunganishi cha mtandao, hutafuta kiini cha mfumo endeshi na kukikabidhi uendeshaji. Mnyororo huo wote unafananishwa vyema na kuamka. Mtu aliyefumbua macho bado hajaamka kikamilifu hadi atakapojitambua na kusimama. Kwa hiyo makala yanatumia kuwaka kwa ajili ya umeme na kuamka kwa ajili ya mfumo. Kauli “kifaa kimewaka lakini hakijaamka” inaeleza kwa maneno machache hali ambayo fundi hukutana nayo mara kwa mara.

Programu ndogo inayoshughulikia mwamko huo inaweza kuitwa kiamshi. Neno hili linafuata mtindo wa uundaji ambao tayari umekubalika katika majina ya vifaa na programu: simbua limezaa kisimbuzi, ng’amua limezaa king’amuzi, na vinjari limezaa kivinjari. Mzizi wa amsha, ukiwekewa kiambishi ki- na kiishio -i, huzaa kiamshi bila kulazimisha sauti yoyote. Uzalishaji wa neno unaonekana pia katika ndugu zake: mwamko, kuamsha upya, na kuamka kwa mtandao.

3.2 Kupiga mbiu na kukodi anwani

Kiamshi kinapoanza hakijui lolote kuhusu mtandao kilimo. Hakina anwani, wala hakijui anwani ya seva. Kwa sababu hiyo hutuma ujumbe kwa kila aliyeunganishwa katika mtandao huo, kikiuliza ni nani awezaye kukipa anwani. Utaratibu wa DHCP una hatua nne: kifaa huuliza, seva hutoa pendekezo la anwani, kifaa huomba anwani iliyopendekezwa, na seva huthibitisha. Pamoja na anwani, seva inaweza kukipa kifaa jina la faili kinachopaswa kulichukua na anwani ya mahali faili hilo lilipo.

Ujumbe wa kwanza huitwa tangazo na baadhi ya wafasiri. Tatizo ni kwamba matangazo katika matumizi ya kawaida ni ya redio, ya biashara au ya vifo, na hayadai jibu. Dhana iliyo karibu zaidi ni mbiu. Mpiga mbiu hulenga kijiji kizima kwa sababu hajui aliye na habari anayoitaka. Kila mtu husikia na anayehusika huitika. Hivyo kupiga mbiu mtandaoni kunaeleza pande zote mbili za tendo, yaani ujumbe kwenda kwa wote na matarajio ya jibu kutoka kwa mmoja.

Kuhusu anwani, Kiswahili kina jozi inayosaidia: kupanga na kukodi. Mtu hupanga nyumba, na hukodi gari au baiskeli. Kukodi hubeba dhana ya muda uliowekwa na wajibu wa kurudisha. Anwani ya DHCP hutolewa kwa muda maalumu. Muda ukiisha bila kuongezwa, seva ina haki ya kumpa mwingine. Kwa hiyo kifaa hukodi anwani, na muda huo ni muda wa ukodi.

3.3 Kupakua nakala

Kifaa kikishajua faili na mahali lilipo, hulivuta. Katika TFTP faili hukatwa vipande vya baiti 512. Seva hutuma kipande, kifaa hukiri kukipokea, kisha hutumwa kipande kinachofuata. Hakuna kipande kinachotumwa kabla cha awali hakijakiriwa. Urahisi huu ndio uliofanya itifaki iweze kutoshea ndani ya kiamshi kidogo. Ndio pia unaoifanya iwe ya polepole pale masafa yanapokuwa marefu.

Hesabu fupi inaonesha jambo hilo. Nakala ya ukubwa wa megabaiti 16 ina vipande 32,768 vya baiti 512. Ikiwa safari ya kwenda na kurudi kati ya kifaa na seva huchukua milisekunde 1, kama ilivyo ndani ya jengo moja, kazi hukamilika kwa takribani sekunde 33. Ikiwa safari hiyo huchukua milisekunde 100, kama inavyoweza kuwa kwenye kiungo cha mbali, muda huwa takribani sekunde 3,277, yaani karibu dakika 55. Nyongeza ya itifaki ya mwaka 1998 iliruhusu pande mbili kukubaliana ukubwa mwingine wa kipande. Kwa vipande vya baiti 1,468 muda wa safari ndefu hushuka hadi takribani dakika 19. Ndiyo maana mafundi huweka seva karibu na vifaa, au hutumia itifaki nyingine baada ya hatua za awali.

Idadi ya vifaa nayo ina uzito wake. Vifaa 200 vikivuta nakala ya megabaiti 16 kimoja kimoja, seva italazimika kutoa megabaiti 3,200. Seva ikituma kwa kundi zima kwa wakati mmoja, kiasi hicho hukaribia kile cha nakala moja, ukiacha vipande vinavyopotea na kutumwa tena. Kiswahili kinaweza kutofautisha hali hizi kwa uwazi: kutuma kwa mmoja, kutuma kwa kundi, na kupiga mbiu kwa wote.

Jambo la kusisitizwa hapa ni mahali nakala inapofikia. Mwishoni mwa hatua hii nakala ipo katika kumbukumbu ya muda ya kifaa, ile inayofutika umeme unapokatika. Hifadhi ya kudumu bado haijaguswa. Umeme ukikatika sasa, hakuna kilichoharibika, kwani kifaa kitaamka na kuanza upya.

3.4 Kuthibitisha: sahihi na saini

Nakala iliyofika inaweza kuwa na kasoro, au inaweza kuwa imetumwa na mtu asiyestahili. Hapa Kiswahili kina mtego wake. Neno sahihi lina maana mbili: lisilo na kosa, na alama ya mkono ya mtu inayothibitisha hati. Kauli “nakala ni sahihi” na kauli “nakala ina sahihi” zinatofautiana kwa kitenzi kimoja tu, ilhali zinaeleza ulinzi wa aina mbili zisizobadilishana.

Kutokuwa na kosa huthibitishwa kwa muhtasari wa kihisabati. Kanuni ya SHA-256, kwa mfano, huchukua faili la ukubwa wowote na kutoa muhtasari wa biti 256. Biti moja ya faili ikibadilika, muhtasari hubadilika kabisa. Kifaa kikikokotoa muhtasari wa nakala iliyofika na kuulinganisha na ule ulioandikwa na mtayarishaji, kitajua kama nakala imefika nzima. Hata hivyo, ikiwa muhtasari umeletwa na seva ileile iliyoleta nakala, mdanganyifu anaweza kubadilisha vyote viwili, na ulinganifu ukabaki.

Hatari hiyo ni halisi. TFTP haina njia yoyote ya kumtambua anayetuma, na katika DHCP ya kawaida yeyote aliye katika mtandao uleule anaweza kuitika mbiu kabla ya seva halali. Kinachohitajika ni uthibitisho wa asili: mtayarishaji hutia alama kwa ufunguo wake wa siri, na kifaa huikagua kwa ufunguo wa wazi uliowekwa ndani yake tangu kiwandani. Alama hiyo haifai kuitwa sahihi katika maandishi ya kiufundi. Neno saini, ambalo tayari lina kitenzi kutia saini, linaondoa utata. Hivyo nakala inaweza kuwa sahihi bila kuwa na saini, na kifaa kilichoundwa vyema huikataa.

3.5 Kuandika

Baada ya kuthibitishwa, nakala huhamishwa kutoka katika kumbukumbu ya muda hadi katika hifadhi ya kudumu. Katika hifadhi ya aina ya flashi, uandishi hauwezi kufanyika juu ya maandishi ya zamani moja kwa moja. Kwanza eneo zima hufutwa, na kufutwa huko hugeuza biti zote kuwa 1. Ndipo uandishi hugeuza baadhi yake kuwa 0. Kwa maneno mengine, kuna muda ambao mfumo wa zamani umeshafutwa na mpya haujaandikwa. Umeme ukikatika katika muda huo, kifaa hakina mfumo wowote. Ikiwa kilichofutwa ni kiamshi chenyewe, kifaa hakiwezi hata kupiga mbiu, na fundi hulazimika kukifuata kilipo na kukifungua.

Kitenzi cha mtaani kuflashi kinarejelea hatua hii. Kinakubalika sana miongoni mwa mafundi wa simu, na kwa kigezo hicho hakiwezi kupuuzwa. Udhaifu wake ni kwamba nomino flashi hutumika pia kwa kijiti cha kuhifadhia data, na kitenzi hicho hujumuisha mchakato wote, tangu kuvuta nakala hadi kuanzisha kifaa. Kitenzi andika ni chepesi, kinaeleweka na kila mtu, na kinabeba dhana ya kudumu: kilichoandikwa hubaki. Kinaoana pia na vitenzi jirani soma na futa, ambavyo vyote vinatumika kwa hifadhi. Makala yanapendekeza andika kwa hatua hii, na kuflashi kibakie katika mazungumzo ya karakana.

3.6 Vyumba viwili

Njia iliyoenea ya kuepuka hatari iliyotajwa ni kugawa hifadhi katika sehemu mbili zinazolingana. Mfumo unaofanya kazi umo katika sehemu ya kwanza, na nakala mpya huandikwa katika ya pili. Uandishi ukikamilika na kuthibitishwa, kiamshi huelekezwa sehemu ya pili. Mfumo mpya usipoamka ipasavyo baada ya majaribio kadhaa, kiamshi hurudi sehemu ya kwanza. Mfumo wa Android ulianza kuruhusu mpangilio wa namna hii katika toleo la 7.0 la mwaka 2016.

Kitenzi sakinisha, kilichozoeleka kwa maana ya kuweka programu, kinatokana na sakini, yaani kukaa mahali. Kusakinisha ni kumfanya mtu au kitu kikae. Sitiari hiyo inaweza kuendelezwa: mfumo ni mkazi, na sehemu za hifadhi ni vyumba. Mkazi mpya huandaliwa chumba kilicho wazi kabla wa zamani hajaondolewa, na asipoweza kukaa, wa zamani hurejeshwa. Istilahi chumba cha kazi na chumba cha akiba zinaeleweka kwa fundi anayeanza bila maelezo marefu.

4.0 Nakala-mfumo: Neno Lisilo Picha

Kile kinachovutwa na kuandikwa mara nyingi hufasiriwa kuwa picha au taswira ya mfumo. Tafsiri hizo hufuata maana ya kawaida ya neno la lugha chanzi badala ya dhana yenyewe. Picha ni mwonekano wa kitu. Mwenye picha ya nyumba hawezi kulala ndani yake. Taswira, kwa msomaji aliyezoea uhakiki wa fasihi, ni picha inayojengwa akilini kwa maneno, yaani ipo mbali zaidi na kitu chenyewe. Ilhali faili linalojadiliwa si mwonekano wa mfumo. Ni mfumo wenyewe, biti kwa biti, pamoja na mpangilio wake katika hifadhi, kiasi kwamba kuliandika katika hifadhi ya kifaa kingine cha aina ileile ni kukipa kifaa hicho mfumo huohuo.

Neno chapa lingeweza kufikiriwa, kwa kuwa huashiria alama moja inayogongwa mara nyingi bila tofauti. Hata hivyo, limeshikwa na maana ya nembo ya biashara, na kitenzi chapa ni kupiga na pia kuandika kwa mashine. Nakala ni neno bora kwa sababu linadai usawa na asili yake. Upungufu wake ni ujumla. Nakala ya barua na nakala ya faili moja nazo ni nakala. Kwa hiyo inapendekezwa nakala-mfumo, ambatani ya nomino mbili inayotaja kilichonakiliwa. Neno hili linaingia vizuri katika familia iliyokwisha kuwapo, kwani nakala rudufu tayari hutumika kwa nakala ya akiba. Uthabiti wa familia hiyo humwezesha msomaji kukisia maana ya nakala-diski au nakala-kiamshi hata kama hajawahi kuyaona.

5.0 Pakia na Pakua: Suala la Mwelekeo

Vitenzi pakia na pakua vinahusiana kwa unyume unaooneshwa na kiambishi -u-, kama ilivyo katika funga na fungua, au ziba na zibua. Asili ya matumizi yao ni shehena na chakula. Mabaharia hupakia shehena chomboni na huipakua bandarini, na mpishi hupakua wali kutoka chunguni. Katika matumizi hayo pakia huelekeza macho kwenye chombo kinachojazwa, na pakua kwenye chombo kinachotolewa kitu.

Ufafanuzi huo unaonesha chanzo cha mkanganyiko. Mtumiaji wa kawaida husema anapakia picha mtandaoni, kwa kuwa chombo kinachojazwa ni seva. Fundi husema anapakia mfumo, kwa kuwa chombo kinachojazwa ni kifaa. Wote wawili wametumia kitenzi kwa haki kisarufi, lakini mielekeo yao inapingana. Tena, kwa fundi huyohuyo, kifaa kina vyombo viwili: kumbukumbu ya muda na hifadhi ya kudumu. Pakia haisemi ni kipi kimejazwa.

Chukulia agizo lifuatalo katika mwongozo: “Pakia mfumo, subiri dakika mbili, kisha zima kifaa.” Anayelielewa pakia kuwa ni kuvuta nakala atahesabu dakika mbili tangu nakala ifike. Ikiwa uandishi huchukua dakika tatu, atazima umeme wakati hifadhi imefutwa nusu. Agizo halikuwa na kosa la sarufi wala la tahajia, na kifaa kimekufa.

Mgawanyo unaopendekezwa ni huu. Pakia litumike kwa tendo la mtayarishaji kuweka nakala-mfumo kwenye seva. Pakua litumike kwa tendo la kifaa kuivuta kutoka kwenye seva hadi kwenye kumbukumbu yake. Andika litumike kwa tendo la kuihamishia katika hifadhi ya kudumu. Amsha litumike kwa tendo la kuanzisha mfumo huo. Sakinisha libaki kuwa neno la jumla kwa mchakato wote. Agizo la awali sasa linasomeka hivi: “Kifaa kitapakua nakala-mfumo na kuthibitisha saini yake. Kisha kitaiandika katika chumba cha akiba. Usikate umeme hadi uandishi ukamilike. Baada ya hapo amsha kifaa upya.” Agizo ni refu zaidi, lakini kila kitenzi kina mahali pake.

6.0 Upatanisho wa Kisarufi

Katika fasihi ya mitandao kifaa kinachoomba huduma huitwa mteja. Neno hilo limo katika ngeli ya A-WA, na upatanisho wake wa kawaida ni wa kiumbe hai: mteja anaomba. Katika maelekezo yanayomtaja fundi, mwenye duka na kifaa kwa pamoja, kauli “mteja akiomba, mpe anwani” inaweza kueleweka kuwa inamhusu mtu. Kuandika “mteja inaomba” huondoa utata wa maana lakini hukwaza masikio ya wazungumzaji wengi.

Kiswahili kimewahi kutatua tatizo kama hili. Kifaa cha kuelekezea mshale kwenye kioo kiliitwa kipanya, na upatanisho ukawa wa KI-VI: kipanya kimeharibika. Panya mdogo mwenye uhai angesemwa “kipanya amekimbia.” Upatanisho peke yake humwambia msikilizaji kama ni mnyama au ni chombo. Kwa mantiki hiyo kiteja lingewezekana kimofolojia, ingawa kukubalika kwake ni kwa mashaka, kwani kiambishi ki- kikiambatishwa kwenye jina la mtu huweza kubeba dharau. Njia nyepesi ni kutumia kifaa kwa anayeomba na seva kwa anayetoa. “Kifaa kikiomba anwani, seva itakipa” ni sentensi ambayo viambishi vyake ki-, i- na -ki- vinatosha kuonesha nani anafanya nini, na fundi, anapotajwa, hubaki na a- yake bila kugombewa.

Manufaa haya ni ya Kiswahili hasa. Lugha isiyo na ngeli hulazimika kurudia nomino au kutegemea muktadha. Mwandishi wa mwongozo anayechagua istilahi zilizo katika ngeli tofauti hupata ufafanuzi wa ziada bila kuongeza neno.

7.0 Hitimisho

Makala yameeleza kwamba kusakinisha mfumo endeshi kupitia mtandao ni mfululizo wa matendo tofauti yenye viwango tofauti vya hatari, na kwamba kuyakusanya chini ya kitenzi pakia huficha hatari hizo. Imependekezwa kutenganisha kuwaka na kuamka, pakia na pakua, pakua na andika, sahihi na saini, na kutumia nakala-mfumo, kiamshi, mbiu na chumba cha akiba pale dhana zake zinapohitajika. Maneno mengi kati ya haya si mapya. Yamo katika vinywa vya mabaharia, wapishi, wapangaji na wapiga mbiu, na kilichofanyika ni kuyapa mipaka.

Hatua inayofuata ni ya majaribio: istilahi hizi ziingizwe katika miongozo ya mafunzo ya ufundi, mafundi wazitumie na kuzikosoa, na zile zitakazodumu zifikishwe kwenye vyombo vya usanifishaji kama BAKITA. Istilahi ya fundi hupimwa karakanani kabla ya kupimwa kamusini. Neno likimwezesha fundi aliye mbali kujua ni wakati gani asiguse swichi, limefaulu.